Dhamana ni Deni

Miongoni mwa maneno ambayo lugha yetu imeyapokea kutoka Kiarabu, machache yana uzito wa neno dhamana. Mahakamani, mshitakiwa huwekewa dhamana na jamaa zake ili arudi siku ya kesi. Ofisini, tunaambiana kila siku kuwa cheo ni dhamana. Na dukani, mnunuzi wa kompyuta hupewa karatasi yenye neno hilo hilo: dhamana ya mwaka mmoja. Katika hali zote tatu maana ni moja. Mtu amejifunga kwa ahadi, na asipoitimiza ana deni. Leo twaizungumzia hiyo ya dukani, kwa sababu hapa visiwani imekuwa deni ambalo mwenye kudai hajui kulidai, na mwenye kudaiwa hana haraka ya kulilipa.

Mwandishi wa maoni haya hasimulii habari ya kusikia. Katika ofisi moja ya umma kisiwani Pemba ilinunuliwa kompyuta mpakato mpya. Ilipofika Februari, katika joto la kaskazi, mashine ile ilianza kuchemka. Kila ikikaribia adhuhuri, feni yake ililia kama nyuki na sehemu ya chini haikushikika kwa kiganja. Halafu ilizimika yenyewe. Ndani yake ilikuwamo orodha ya akina mama wakulima wa mwani, uzito wa mwani waliouza, na fedha walizokuwa wakidai. Nakala nyingine haikuwapo.

Dhamana ilikuwa imebakiza miezi mitano. Lakini mwandishi huyu, kwa haraka ya kutaka kazi isisimame, ndiye aliyeagiza aitwe fundi wa jirani aifungue. Fundi alibandua kibandiko cha muuzaji, akapuliza vumbi, akafunga. Mashine ilifanya kazi siku mbili, ya tatu ikazimika na haikuwaka tena. Ikapakiwa botini kwenda Unguja, na kutoka huko ikavushwa kwenda Dar es Salaam. Ilirejea baada ya wiki sita, haikutengenezwa, na barua juu yake: imefunguliwa na mtu asiyeidhinishwa, kwa hiyo dhamana imevunjika. Na kwa kuwa katika mashine ile kumbukumbu zimechomelewa kwenye bodi yenyewe iliyoungua, orodha nayo ilipotea.

Akina mama wakaitwa upya kueleza walichouza. Mmoja wao, mtu mzima, alimwambia mwandishi: "Mwanangu, iliyougua ni mashine yenu. Mbona njaa iwe yetu?" Jawabu halikupatikana, na mpaka leo halijapatikana. Ndiyo sababu ya kuandika.

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Ubongo wa kompyuta, yaani prosesa, hutoa joto kila unapofanya kazi. Joto hilo hupokewa na mrija wa shaba, hupelekwa kwenye mapezi membamba ya chuma, na feni hulisukuma nje. Prosesa nyingi za kompyuta mpakato zimewekewa kikomo cha karibu nyuzi 100 za Sentigredi. Zikikikaribia hujipunguzia kasi, na joto likizidi mashine hujizima ili isiungue. Kwa hiyo kuzimika ghafla ni mashine kupiga kelele ya kuomba msaada. Anayeiwasha tena na tena bila kuuliza sababu anampuuza mgonjwa.

Jina la mashine hii limetupoteza kidogo. Tumeiita mpakato, nasi tukaipakata kweli, kama mtoto, juu ya kanga, juu ya mto, juu ya godoro. Matundu ya hewa yako chini na ubavuni. Kitambaa kikiyaziba, mashine hukosa pumzi. Aidha, watengenezaji wengi huandika kuwa mashine zao zitumike katika hewa isiyozidi nyuzi 35. Ofisi yenye bati juu na dirisha moja, katika miezi ya kaskazi, haiko mbali na kiwango hicho. Ongeza vumbi la barabarani na hewa ya chumvi ya bahari, nasi tunaona kwamba mashine iliyoundwa kwa ajili ya chumba chenye ubaridi inataka uangalizi zaidi ikiwa kwetu.

Hata hivyo, haifai kila joto likalaumiwa kwa mtumiaji. Agosti 2006 kampuni ya Dell iliwataka wateja warejeshe betri zipatazo milioni 4.1 za kompyuta mpakato, zenye seli zilizotengenezwa na Sony, kwa sababu zingeweza kuchemka na kushika moto. Julai 2008 kampuni ya Nvidia ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 za Marekani kwa gharama za dhamana na matengenezo, baada ya baadhi ya chipu zake za picha kuharibika ndani ya kompyuta mpakato. Baadhi ya watengenezaji wa kompyuta waliongeza muda wa dhamana kwa mashine zilizoathirika. Basi kiwanda nacho hukosea. Dhamana iliwekwa kwa ajili hiyo, na gharama yake imo ndani ya bei tuliyolipa. Asiyeidai amenunua kitu na kukiacha dukani.

Sasa tuseme wazi nani anapaswa kufanya nini.

Kwa maofisa wanaonunua mali ya umma, twasema hivi. Mkataba unaotaja bei na idadi ya mashine, na kunyamaza juu ya matengenezo, ni mkataba nusu. Uandikwe ni nani mwenye dhamana, muuzaji au mtengenezaji. Uandikwe kama dhamana hiyo inakubaliwa Tanzania, maana bidhaa nyingi hutufikia kupitia Dubai, na zipo dhamana zisizovuka mipaka ya nchi au eneo ambalo bidhaa imeuzwa. Uandikwe nani analipa nauli ya mashine kutoka Wete au Mkoani mpaka kwa fundi na kurudi, itakaa huko siku ngapi, na ofisi itapewa mashine gani ya kushikia kazi katika muda huo. Kisiwa hakiko mbali na sheria kwa sababu kimezungukwa na maji. Gharama ya kuvuka bahari haifai kuwa adhabu ya mwananchi wa Pemba.

Kwa wafanyabiashara, twawakumbusha kuwa mnunuzi hana haja ya kuzungushwa. Anayepokea fedha Darajani asimwambie mteja kuwa malalamiko yanapokelewa ng'ambo tu. Zanzibar ilitunga sheria ya ushindani halali na kumlinda mtumiaji mwaka 2018, na ipo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Mwananchi aliyepuuzwa aende huko na risiti yake. Wenzetu wa Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 1999, waliweka muda usiopungua miaka miwili ambao muuzaji anawajibika kwa kasoro ya bidhaa aliyoiuza. Muuzaji, siyo kiwanda cha mbali. Hilo ni jambo la kujifunza.

Na kwetu sisi watumiaji, hatuna budi kujirekebisha kabla ya kunyoosha kidole. Mashine iwekwe juu ya meza ngumu, matundu yakiwa wazi. Ikichemka, itazamwe kwanza ni programu ipi inayoitumikisha kupita kiasi, na vumbi la nje lisafishwe ikiwa imezimwa. Hali ikiendelea ndani ya muda wa dhamana, asiifungue mtu yeyote, hata awe hodari namna gani, mpaka mwenye dhamana aulizwe. Mafundi wetu wa mitaani ni watu wa maana, na dhamana ikiisha wao ndio tegemeo letu. Lakini wakati wao haujafika.

Kabla ya kuipeleka, nakala za kazi zote zitolewe na kuhifadhiwa mahali pengine, kwa sababu fundi huahidi kutengeneza mashine, haahidi kuhifadhi mafaili. Namba ya mashine iandikwe. Risiti itolewe kivuli. Ielezwe kwa maandishi inazimika saa ngapi, ikifanya kazi gani, na tangu lini. Neno "mbovu" peke yake halimsaidii fundi. Anayeipokea atie saini na tarehe. Na kama betri imevimba, mashine isiwashwe wala isichajiwe, na isipelekwe kwa ndege: betri ya namna hiyo ni hatari ya moto, na imekatazwa angani.

Hayo yote ni kazi ya saa moja. Ofisi ile ya Pemba ingeitumia saa hiyo, orodha ya mwani ingekuwapo, mashine ingetengenezwa bila senti ya umma, na akina mama wale wasingesimama juani mara ya pili kuhesabu jasho lao wenyewe.

Tulisema mwanzo kuwa dhamana ya mashine na dhamana ya cheo ni neno moja. Muuzaji anatudai tuitunze mashine, nasi twamdai aitengeneze. Lakini ofisa anadaiwa na wote wawili, na zaidi anadaiwa na yule aliyeandikwa jina lake ndani ya mashine hiyo. Deni la kwanza lina mwisho, miezi 12 imeandikwa kwenye karatasi. Deni la pili halikuandikiwa mwisho.