SAA MBILI ZA MAMA KAZINI

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi mwanamke wa Tanzania Bara likizo ya uzazi ya siku 84 kwa malipo, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja. Tena yamwagiza mwajiri amruhusu mama kunyonyesha wakati wa kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kila siku. Maneno hayo ni mazuri. Lakini twauliza: katika makampuni ya watu binafsi, ni akina mama wangapi wazionao saa hizo?

Tufanye hesabu. Likizo yaweza kuanza wiki nne kabla ya kujifungua. Mama aliyeianza hivyo hurudi kazini mtoto wake akiwa na wiki nane tu. Shirika la Afya Duniani lashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi sita. Basi miezi minne iliyosalia yategemea saa mbili hizo.

Sasa tumtazame mama ashonaye nguo katika kiwanda kilichoko Ubungo, naye akaa Mbagala. Akipewa saa mbili, zitamalizikia katika daladala. Asipoondoka, maziwa yatamlowesha kifua mbele ya cherehani, na nyumbani mtoto atanyweshwa uji kabla ya wakati wake. Mwisho mama ataacha kazi, na mwajiri atasema wanawake hawadumu. Huku ni kumfunga mtu miguu, kisha kumlaumu kwamba hakimbii.

Hatuombi majumba. Twaomba chumba kimoja safi chenye mlango wa kufungwa, kiti, maji, na jokofu dogo la kuhifadhia maziwa. Na palipo na akina mama wengi, awepo mlezi wa kutunza watoto karibu na kazi. Saa hizo ziandikwe katika ratiba ya zamu, zisikatwe katika mshahara, wala zisihesabiwe kuwa uvivu wakati wa kupandisha watu vyeo.

Mabwana wenye makampuni watasema ni gharama. Twawajibu: kumfundisha mgeni kazi ambayo mwenziwe alikwisha kuijua, nako ni gharama.

Yavipasa vyama vya wafanyakazi kuliingiza jambo hili katika mikataba ya hali bora. Na maofisa kazi, waingiapo viwandani, waulize kwanza chumba cha akina mama kiko wapi. Mama asiombe kwa hisani kile alichokwisha kupewa na sheria.