BWANA ALIYEJIFICHA NDANI YA NENO

Ndugu wafanyakazi wa Diani, Ukunda, Msambweni na Ramisi,

Wako watu wasemao ya kwamba maneno ya Kiingereza ya utawala ni mambo ya mawakili, na mfanyakazi asijisumbue nayo. Hayo ni maneno ya kutulaza. Sisi watu wa pwani tumetawaliwa kwa maneno kabla ya kutawaliwa kwa bunduki.

Tazameni neno "Protectorate". Maana yake ni nchi iliyo chini ya ulinzi. Mwaka 1895 Waingereza walitangaza ulinzi huo juu yetu, na mwezi wa Agosti mwaka ule ule askari wao wa manowari walipanda mpaka Mwele, hapa hapa Kwale, wakalivunja boma la Mbaruk bin Rashid wa Gazi. (Hatumsifu Mbaruk, yeye naye alikuwa na watumwa.) Lakini tuulize: mlinzi huyu alimlinda nani? Mwaka 1920 bara ikaitwa koloni, na pwani ikaachiwa jina lake la ulinzi, kwa sababu ya bendera ya Sultani wa Unguja. Gavana alikuwa ni yule yule mmoja.

Likaja neno "Crown", yaani taji. Kwa sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, ardhi ya pwani ambayo mtu hakuithibitisha kuwa yake mbele ya ofisi ilihesabiwa kuwa ni ya Taji. Taji hukaa kichwani mwa mfalme, London. Lilipanda mnazi gani Msambweni? Baada ya Uhuru wa 1963 ardhi ile ikaitwa ya Serikali, na wengi waliozaliwa juu yake wakaitwa "squatters", yaani watu waliochuchumaa. Babu yako amezikwa pale, nawe bado umechuchumaa!

Kazini neno lilikuwa "Master". Sheria za kazi za 1906 na 1910 zilikuwa za Bwana na Mtumishi, na mtumishi aliyeacha kazi bila ruhusa aliweza kutiwa jela.

Leo hakuna anayethubutu kuandika "Master". Huandika "Management", kisha huongeza "at the discretion of Management". Ukifungua kamusi, "discretion" utaambiwa ni busara, na karani atakusomea hivyo hivyo: kwa busara ya wakubwa. Nani atakataa busara? Lakini katika karatasi ya kazi maana yake ni apendavyo mkubwa. Saa za ziada, apendavyo. Siku ya kurudi baada ya msimu wa wageni, apendavyo.

Wala neno hilo si sheria juu ya sheria. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 9, yasema kuwa mfanyakazi asiyeifahamu lugha ya mkataba, mwajiri lazima ahakikishe anaelezwa kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 41 chataka vivyo hivyo kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa: aelezwe sababu kwa lugha yake, naye awe na mwenziwe au mwakilishi wa chama.

Basi ndugu, karatasi ikiletwa mezani, uliza kila neno, hata foleni ikiwa ndefu na karani akikunja uso. Asipokueleza, usitie sahihi siku hiyo. Ichukue umpelekee mwakilishi wetu wa kazini.