Chuma iko na mlinzi, mlima hauna

Tangu mlima wa Rubaya ulipoanguka mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2026 na kufunika watu zaidi ya 200, kwa hesabu iliyotolewa na wasimamizi wa jimbo waliowekwa na AFC/M23, swali moja linarudi katika kila familia ya wachimbaji: je, hakuna namna ya kujua mbele kama udongo utaanguka? Namna iko. Iko tangu miaka mingi. Na teknolojia inayofanana nayo iko tayari hapa Kongo, lakini imefungwa juu ya mashini.

Tueleze kwanza. Katapila ya siku hizi, ile ya kuchimba ao ile ya kusukuma udongo, inatoka kiwandani na kisanduku kidogo ambacho shofere mara nyingi hajui kama kipo. Kimeunganishwa na vihisi, ile mafundi wetu wanaita kapteri. Kimoja kinapima mazutu, kingine joto la moteri, kingine presha ya mafuta, na GPS inaonyesha mashini iko wapi. Kisanduku kinatuma hesabu hizo kwa rezo ya simu, na kama rezo hakuna, kwa satelite. Patron anaweza kuwa amekaa Dubai, lakini anaona kwamba katapila yake ya kule porini leo ilifanya kazi saa 9, ilinguruma bure saa 2, na kwamba usiku, wakati moteri ilikuwa imezimwa, mazutu ilishuka.

Mambo haya yalianza na wizi. Huko Japani, miaka ya 1990, wezi walikuwa wanaiba mashini za kuchimba na kuzitumia kuvunja mashini za banki za kutoa pesa. Kampuni ya Komatsu ikatafuta namna ya kufuata mashini zake popote zilipo, na tangu 2001 ikaanza kuziuza na kisanduku hicho ndani. Kwa hiyo, toka mwanzo kabisa, kihisi kilikuwa mlinzi wa mali. Hatusemi ni vibaya. Mashini moja inagharimu pesa ambayo mchimbaji wa mkono hataiona maisha yake yote.

Lakini vihisi vinaweza kuchunga mlima vilevile. Karibu na Salt Lake City, kule Marekani, kuko mgodi wa shaba unaoitwa Bingham Canyon, shimo kubwa la wazi. Mwezi wa pili 2013, rada na vyombo vingine vilivyowekwa kwenye ukuta wa shimo vikaanza kuonyesha kwamba ukuta unatembea. Ilikuwa ni milimita tu, jicho la mtu haliwezi kuona. Wakubwa wa mgodi wakafuata hesabu kila siku, na tarehe 10 mwezi wa nne wakaondoa watu wote. Usiku ule mlima ukaanguka mara mbili. Kamyo kubwa zaidi ya kumi na mashini za kuchimba zikafunikwa ao kuharibika. Hakuna mtu hata mmoja aliyekufa wala kuumia.

Muone tofauti: kule mashini zilibaki chini na watu wakatoka.

Mtu atasema Rubaya si Marekani, pale hakuna kampuni yenye rada, kuko watu na mpini na koleo. Ni kweli, rada ni ya bei kali. Lakini pesa pale inapita. Rubaya inatoa karibu 15 kwa mia ya koltani ya dunia nzima, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walihesabu kwamba M23, tangu kuichukua mwezi wa nne 2024, inakusanya ushuru wa dola zisizopungua 800.000 kwa mwezi. Mbele ya hapo pia makuta ilikuwa inapita, katika mikono mingine, na mlima haukupewa kitu. Basi hatuwezi kusema ni umaskini wa fasi.

Na si lazima kuanza na rada. Wahandisi wa migodi wako na njia ya zamani: ukiona ufa juu ya kilima, unapiga kigingi upande huu na kigingi upande ule, unapima kati yao na mita ya fundi seremala kila asubuhi, unaandika. Kama leo ni sentimetre 84, kesho 84, kesho kutwa 86, na baadaye 91, hakuna anayeingia ndani ya shimo. Ongeza chombo cha kupima mvua, kwa sababu maji ndiyo yanafanya udongo wa Masisi kuwa mzito na kuteleza. Kihisi cha kisasa kinafanya kazi ileile ya vigingi, ila chenyewe hakilali na kinapiga simu. Sheria ilisha kukataza mashimo ya wachimbaji wa mkono kupita metre 30. Kila mtu aliyeshuka Rubaya anajua sheria hiyo inaishia wapi.

Sisi watu wa Goma tunajua pia kwamba kununua kapteri hakutoshi. OVG, wale wanaochunga volkano, walikuwa na vyombo vyao kuzunguka Nyiragongo. Lakini mwaka wa 2020 msaada wa Banki ya Dunia ukaisha, pesa ya intaneti ikakosekana, na kwa miezi kadhaa vyombo vikawa kama mtu anayesema kwenye simu isiyo na unite. Intaneti ilirudi mwezi wa nne 2021. Tarehe 22 mwezi wa tano, moto ukashuka, na watu zaidi ya 30 wakakufa. Hatuwezi kusema intaneti ingeokoa wote. Tunasema tu kwamba ilikatika kwa kukosa pesa ndogo, katika muji ambao kila siku tunalipa taxe za kila aina.

Kuko tena jambo lingine ambalo linagusa makuta yenu moja kwa moja. Hapa jirani, Kivu ya Kusini, katika Mwenga, katapila za makampuni zimegeuza mito na mashamba kwa ajili ya dhahabu. Mwaka wa 2021 gavana alisimamisha makampuni kadhaa ya kule kisha wakaaji kulalamika. Mwezi wa saba 2024 gavana mwingine, Jean-Jacques Purusi, akasimamisha uchimbaji katika jimbo zima juu ya fujo. Na kila mara kunatokea mabishano yaleyale: walichimba kiasi gani? Kampuni inasema kidogo, chefferie inasema mingi, na kila mmoja anabaki na neno lake.

Kumbe mashini yenye kisanduku inajua. Saa ilizofanya kazi ziko zimeandikwa, na fasi yake imeandikwa. Hazisemi gramu za dhahabu, lakini mtu wa hesabu akijua saa na ukubwa wa kijiko cha mashini, anaweza kukadiria udongo uliopita na kuuliza kwa nini dhahabu iliyotangazwa ni ndogo vile. Code minier ya 2018 inasema asilimia 15 ya redevance inaenda kwa eneo lenye mgodi, na kampuni inatoa 0,3 kwa mia ya mauzo kwa maendeleo ya wakaaji. Asilimia ya kitu kisichojulikana ni nini? Sisi tunaona serikali ingeweza kuweka sharti rahisi: katapila haiingii mgodini kama hesabu za kisanduku chake hazifiki pia kwa divisheni ya migodi na kwa chefferie.

Masshofere nao wako na haki yao hapo. Mazutu ikipunguka, wa kwanza kushitakiwa ni shofere. Hesabu ya kihisi inaweza kumfunga, lakini inaweza pia kumtetea, kama ameruhusiwa kuiona. Mbele ya kutia sahihi barua ya kukubali kosa, aombe ile karatasi yenye saa na tarehe.

Na kazi yenyewe inabadilika. Katika mgodi wa dhahabu wa Kibali, Haut-Uélé, unaosimamiwa na Barrick na ambamo SOKIMO yetu iko na 10 kwa mia, mtu mmoja anakaa juu, mbele ya ekrani, anaongoza mashini kadhaa za kubeba mawe zilizo mamia ya metre chini ya udongo. Jiwe likianguka, linaangukia chuma. Kazi hiyo Wakongomani wanaifanya, lakini viti ni vichache. Mtoto anayesoma elektroniki leo katika shule ya ufundi hapa Goma anaweza kupata kimoja.

Rubaya, hakuna ekrani wala viti. Wachimbaji walisha kurudia mashimoni, kwa sababu nyumbani watu wanakula kila siku. Na mvua ya Masisi inanyesha mpaka mwezi wa tano.