Kosa si la Wali Wetu

Tulipohama nyumba yetu hapa Leeds, mwenye nyumba alikuja kukagua, akaona ukungu mweusi nyuma ya kabati, akasema nyumba imeharibika kwa sababu "nyinyi mnapika sana". Akakata dipoziti yetu. Tulinyamaza. Sasa nasikia wengi mnaambiwa hivyohivyo, basi nami niseme kama mtu wa uhandisi.

Nyumba nyingi za matofali mekundu za mtaa wetu wa Hyde Park (si ule wa London) zilijengwa enzi za Malkia Victoria, aliyetawala 1837 hadi 1901. Ukuta wake ni tofali tupu, unene kama sentimita 23, bila uwazi katikati, na matofali yameshikizwa kwa chokaa. Mvua ikipiga, ukuta hunywa maji kidogo. Upepo na jua vikija, huyatoa. Ndani, karibu kila chumba kilikuwa na meko ya makaa ya mawe, na moto ule ulivuta hewa ya chumbani na kuitoa juu kwa dohani. Hata madirisha yale ya kupandisha na kushusha, ukiyafungua juu na chini, hewa ya joto hutokea juu na ya baridi huingilia chini. Mafundi wale walikuwa na akili jamani!

Halafu wakaja mafundi wa juzi. Meko yakazibwa, madirisha yakawekwa ya plastiki, chokaa iliyolika ikajazwa saruji, ambayo haipitishi unyevu kama chokaa. Wenzetu wa Unguja wanalijua hili: ukuta wa mawe na chokaa wa Mji Mkongwe ukiupiga plasta ya saruji, umeuharibu.

Sikatai, mvuke wa sufuria umo, na wa nguo tunazoanika juu ya hita pia, tuseme ukweli. Lakini nyumba imezibwa pua, halafu anayelaumiwa ni anayepumua!

Mwaka huu tusikae kimya. Piga picha siku unayohamia. Angalia kama meko yaliyozibwa yameachiwa tundu la hewa. Malalamiko yaandike, usiishie kwenye simu. Sheria ya England ya 2018, iliyoanza kutumika Machi 2019, inamtaka mwenye nyumba akupangishe nyumba inayofaa binadamu kuishi, na unyevu ni moja ya mambo yanayopimwa. Mimi barua yangu ya kudai dipoziti nimeshaipeleka.