Malenga na Askari wa Miguu

Kila ifikapo tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, huzuka beti nyingi, na vina vyake ni vile vile: taifa, sifa, wamekufa. Mizani imetimia, wala sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na hilo neno "mashujaa", ambalo malenga wetu hawalisemi ila kwa wingi. Kijana wa Ng'ambo hakufa kwa wingi. Alikufa peke yake, na jina lake alilopewa siku ya saba.

Majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Kampala ikatwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Baina ya tarehe hizo, askari wa miguu walikwenda kwa miguu kweli, Mutukula hadi Masaka, Masaka hadi Kampala, mvua na matope. Wengi waliokufa wamelala Kaboya, Muleba, mbali mno na Kikwajuni au Mwembetanga kwa mzee atakaye kumsomea mwanawe Fatiha. Henry Muhanika aliandika utenzi mzima wa vita vile, ukachapishwa mwaka 1981. Sisi wa visiwani tumemwandikia nani? Wala msiniambie ni mambo ya kale. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani ilishambuliwa Semuliki, mashariki ya Kongo. Watanzania wasiopungua 14 waliuawa, na wamo waliorudishwa kuzikwa huku kwetu.

Najua kinachotufunga mdomo. Barazani wapo wanaosema vita vile vilikuwa vya bara, havituhusu. Na wapo wasioandika neno ila liwapendeze wakubwa wa jukwaani. Hawa na hao hawasalimiani, lakini kwa marehemu wamepatana: wote wamemgeuza hoja. Mama aliyeletewa habari hakuulizwa msimamo wake juu ya Muungano.

Tazameni Chapwani, mbele ya bandari yetu. Hapo wamezikwa mabaharia wa Kiingereza wa manowari Pegasus, iliyopigwa na Königsberg tarehe 20 Septemba 1914, na majina yao yametunzwa. Wapagazi na askari weusi wa vita vile vile, je? Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina. Dar es Salaam wana sanamu ya Askari tangu mwaka 1927: bunduki anayo, jina hana. Tulimlaumu mkoloni kwa hilo, na tulikuwa na haki. Basi shairi lisemalo "mashujaa wetu" tu lina tofauti gani na sanamu ile, ila kwamba sanamu ni ya shaba?

Mtaani kwetu alikuwapo mmoja, mlinda mlango, mrefu, mwenye kigugumizi kilichomtoka akiimba. Nilikuwa mtoto alipokwenda Kagera. Jina lake silichapishi hapa, kwani sijapata ruhusa ya nduguze, na kuitafuta ruhusa hiyo ni sehemu ya kazi ya mtunzi. Mwende mkabishe hodi. Muulize jina kamili na la utani, alichokipenda kula, deni aliloliacha dukani. Kisha mtunge, na mwaka huu shairi lighaniwe kwanza ukumbini kwao, kabla halijapelekwa uwanjani kwa waheshimiwa.