Mradi Upimwe kwa Kalenda ya Mvua

Hapa Kirotshe, Masisi, kando ya Ziwa Kivu upande wa Kongo, tunalima misimu miwili. Mbegu za msimu A huingia udongoni kuanzia Septemba, mvua zikishakolea. Za msimu B hupandwa Februari, na anayechelewa sana hufika katikati ya Machi. Hayo anayajua mtoto yeyote aliyewahi kumbebea mama yake jembe. Wasioyajua, kwa jinsi ninavyoona, ni wale wanaopanga siku ya kugawa mbegu za msaada.

Mwaka mmoja, kabla vita havijaturudia, shirika ambalo sitalitaja lilituandikisha mwezi wa Januari. Tuliulizwa tuna watoto wangapi, tunakula mara ngapi kwa siku, choo kipo au hakipo. Tukapigwa picha. Mbegu za maharage zilifika mwisho wa Aprili. Maharage yaliyopandwa wakati huo yangetoa maua huku kiangazi cha Juni kikibisha hodi, kwa hiyo tulifanya ambalo mama yeyote mwenye akili angefanya: tuliyapika. Bahati nzuri hayakuwa yamepakwa ile dawa nyekundu ya mbegu. Nilipomuuliza kijana wa shirika kulikoni, alinijibu kwa upole kabisa, "Mama, bajeti ndiyo ilikawia." Simlaumu, naye alikuwa akingoja mshahara. Lakini sina shaka kwamba katika ripoti ile kaya zetu zilihesabiwa miongoni mwa zilizosaidiwa kulima.

Mimi ni mkulima wa kawaida. Nina maharage, mihogo na migomba michache kwenye shamba la kukodi mlimani, na ni mmoja wa wanawake watatu wanaoshika funguo za sanduku la AVEC yetu, yaani chama cha kijiji cha kuweka na kukopa. Semina nimehudhuria nyingi. Fulana na kofia zenye alama za wafadhili tunazivaa shambani, na mgeni akipita barabarani angeweza kudhani kwamba Umoja wa Ulaya ndio unaopalilia mihogo ya Masisi. Ninachoomba ni hiki: mpango wowote wa kumsaidia mkulima wa huku uulizwe kwanza mbegu, fedha au mnunuzi vilimfikia tarehe gani. Idadi ya waliofundishwa na asilimia ya wanawake viulizwe baadaye.

Sisemi mafunzo ni bure. Lipo moja lililoziokoa ndizi zetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ugonjwa wa mnyauko wa migomba uliingia Masisi. Majani yalinyong'onyea, ndizi zikaiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na ukikata shina linatoa uchafu wa manjano kama usaha. Ushauri wa kwanza tuliopewa ulikuwa kung'oa shina zima pamoja na machipukizi yake yote, kisha kuliacha shamba bila mgomba kwa miezi. Nani angeweza? Kung'oa shina la migomba iliyozeeka ni kazi ya wanaume wenye nguvu, na wengi wetu hatuna wanaume wa kuwaambia. Kwa hiyo watu waliacha tu, na ugonjwa ukatembea kutoka kilima hadi kilima.

Baadaye watafiti, wakiwemo wa Bioversity waliofanya kazi hapa Kivu, walikuja na njia nyepesi zaidi. Unakata ule mgomba mmoja tu ulioonyesha ugonjwa, chini kabisa usawa wa udongo. Panga unalipitisha motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Ua dume lililoning'inia chini ya mkungu unalivunja kwa kijiti chenye panda, wala si kwa kisu, kwa sababu wadudu wanaofuata utomvu wa ua hilo ndio wanaosambaza vijidudu, na kisu nacho huvibeba. Unarudia kila unapoona dalili, na jirani yako afanye vilevile. Basi. Tulifundishwa asubuhi moja, tumesimama katikati ya migomba ya mwenzetu, bila posho na bila soda. Migomba ilirudi polepole.

Nimefikiri kwa nini somo lile lilishika na mengine yakapeperuka. Lilihitaji panga, moto na kijiti, vitu ambavyo kila nyumba inavyo, na halikumngoja mtu wa Goma wala wa Kinshasa alete kitu. Linganisha na somo la maharage ya kupanda juu, yale yaliyoboreshwa kwa madini ya chuma ambayo INERA na HarvestPlus wameyasambaza Kivu. Mbegu ni nzuri, sibishi. Huzaa kuliko maharage mafupi, na watoto wanahitaji hiyo damu. Lakini yanataka miti ya kupandia, mingi, mirefu kuliko mtu. Miti tuitoe wapi? Sehemu kubwa ya vilima vya Masisi ni malisho ya ng'ombe ya watu wenye makonsesyo, yaani hati za ardhi, na ukikata mti huko utajieleza mbele ya mlinzi. Aliyetufundisha alituonyesha picha nzuri sana za miti.

Hapo ndipo tunapoingia kwenye jambo ambalo semina huliruka: ardhi. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 ilitangaza kwamba ardhi yote ni ya Serikali, na kifungu chake cha 389 kikaahidi kwamba haki za wanaolima kwa mila zitapangwa kwa amri ya Rais. Miongo ikapita amri hiyo haijatoka. Wenye njia walikwenda ofisini wakarudi na hati za vilima vizima. Waliokuwa wakivilima kwa ruhusa ya mwami, chifu wa mila, wakawa wapangaji. Wengi wetu tunalipa kwa fedha, au kwa sehemu ya mavuno, au kwa salongo, siku za kazi katika shamba la mwenye kilima. Sasa mpangaji kama huyu anapoambiwa apande miti, achimbe mitaro ya kuzuia mmomonyoko, atie samadi, anajiuliza swali la haki: nikiisha kulirutubisha shamba hili, mwenyewe ataniachia mwaka ujao?

Na bila hati hakuna mkopo. Sheria ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011 ilianzisha Mfuko wa Taifa wa Maendeleo ya Kilimo, na nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zile zilizoahidi Maputo mwaka 2003 kutoa asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Bado sijakutana na mkulima wa Kirotshe aliyekopeshwa na mfuko huo. Wenzetu Tanzania tangu msimu wa 2022/23 wanaandikishwa na kupata mbolea ya ruzuku kwa namba zao, pamoja na malalamiko yao yote. Sisi tunaambiwa na viongozi wetu kwamba udongo utalipiza kisasi juu ya madini, yaani kilimo kitayashinda. Rubaya, penye koltani, ni hapohapo juu yetu, na sijaona udongo ukilipiza chochote.

Kinachotukopesha ni sanduku letu. Utaratibu huu wa AVEC ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, ukaenea Afrika nzima, ukafika mpaka vijijini kwetu. Tunakutana kila wiki, kila mtu ananunua hisa kwa uwezo wake, anayetaka kukopa anasimama mbele ya wenzake na kusema ni kwa ajili ya nini. Mwisho wa mzunguko tunagawana akiba na faida. Vita vilipotukaribia tulilifungua sanduku mapema, tukagawana mpaka noti ya mwisho, kila mmoja akakimbia na chake. Wengine walikuwa na mikopo, na wakiwa chini ya hema za plastiki pembeni ya Goma waliilipa kidogo kidogo. Wawili hawajalipa hadi leo, na tunajua wanapokaa. Tuliporudi tulianza upya. Goma ilipochukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango na watu wenye akaunti wakabaki na vitabu vyao mkononi. Mwezi huohuo serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi ya Kivu ikazimika ghafla. Sanduku la bati lenye kufuli tatu halikupata habari.

Kwa hiyo nina ombi ambalo litawashangaza wafadhili. Msituwekee pesa sandukuni. Nimeona vikundi jirani vilivyopewa mtaji wa bure: siku ya kwanza wanachama wanaongezeka, siku ya kulipa wanapungua, maana deni la mzungu halimkoseshi mtu usingizi kama deni la shangazi. Pesa ya nje ina mahali pake, nayo ni pale ambapo sisi wenyewe hatufiki: mbegu nzuri kwa wakati, na mnunuzi.

Kwa mbegu, wala hakuna cha kuvumbua. Shirika la One Acre Fund, lililoanza Bungoma, Kenya, mwaka 2006 na baadaye likaingia Rwanda, hapo ng'ambo ya ziwa, huwapelekea wakulima mbegu na mbolea kwa mkopo mahali wanapoweza kufika kwa miguu, kabla ya mvua, nao hulipa kidogo kidogo. Mkulima analipa, kwa hiyo mbegu zikichelewa ana ulimi wa kulalamika. Sisi tunaopewa bure tunasema asante hata kwa mbegu za Aprili.

Kwa mnunuzi, mfano hauko mbali: Minova, tukifuata barabara hii hii kwenda kusini. Zamani wakulima wa kahawa wa ufuko huu walivuka ziwa usiku kwa mitumbwi kwenda kuuza Rwanda, na wengi walizama, wakaacha wajane. Mwaka 2003 Joachim Munganga na wenzake walianzisha chama cha ushirika cha SOPACDI. Walipata msaada wa nje, ndiyo, lakini msaada huo uliwekwa kwenye vituo vya kuoshea kahawa na kwenye kutafuta soko, na mwaka 2011 wakapata cheti cha Fairtrade. Mtu alipoona kahawa safi inalipwa zaidi, alijifunza kuichuma ikiwa nyekundu bila kuitiwa semina. Mradi wa PASA-NK, uliofadhiliwa na FIDA kwa ajili ya Kivu ya Kaskazini, nao ulichagua mazao yenye soko: mahindi, mpunga, viazi na kahawa arabika. Wazo ni sahihi. Ila maharage, chakula cha kila sahani kuanzia hapa hadi Walikale, hayakuwamo.

Najua nitakachojibiwa: mama, kuna vita. Ndiyo, kuna vita, na ndiyo maana nazungumzia tarehe. Februari 2024 mapigano yalipofika Shasha barabara ya Sake hadi Minova ilikatika, na mazao yote yakawa yanakwenda Goma kwa maji. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo mashua iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, ikaua watu kwa makumi. Walikuwamo mama wenzetu wa biashara. Katika hali hiyo mkulima huhesabu utulivu kwa miezi. Maharage mafupi huvunwa baada ya miezi mitatu, mihogo hukaa ardhini mwaka na zaidi. Ukiniletea vipando vya mihogo kijiji kikiwa kimerudi juzi tu, nitavipokea kwa heshima, lakini shamba nitalipanda maharage. Mradi unaotaka kunisaidia uje na mazao ya muda mfupi kwanza, mihogo ifuate tukishaona mavuno mawili.

Na tafadhali, msitujengee ghala. Ghala lenye bati jipya na kibao cha mfadhili huonekana toka mbali, na wenye bunduki nao wana macho. Tuleteeni ile mifuko ya tabaka tatu inayoitwa PICS, ambayo ukiifunga vizuri wadudu hukosa hewa na kufa bila dawa. Kila nyumba ifiche wake. Leo mama huuza maharage yake Juni kwa bei ya chini kwa sababu wadudu watayamaliza, kisha Septemba hununua mbegu kwa bei ya juu, pengine yaleyale aliyoyauza. Mifuko hiyo isigawiwe bure. Ipitishwe kwa vikundi, tuinunue kwa bei nafuu na kwa mkopo kutoka sandukuni, nasi tutajua nani ameilipia. Iwe imefika kabla maharage hayajakauka shambani, yaani Mei. Gari likikwama Sake, vijana watatu wa kijiji chetu wenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma mizigo, wako tayari kwenda kuipokea huko.