Forodha ya Mizingani si ya Unguja peke yake

Ukiitaja hapa Salale, kwenye delta ya Rufiji, Forodha Kongwe ya Mizingani, jengo la bandari ya Unguja lililofanywa chuo cha muziki, utajibiwa kwamba hayo ni mambo ya Wazanzibari na watalii wao. Nimeyasikia madai hayo mara nyingi, na siyakubali.

Wapo wanaosema pale palikuwa soko la watumwa, kwa hiyo kupigia udi humo ni kukosa adabu kwa wafu. Soko lilikuwa Mkunazini, likafungwa Juni 1873, na kanisa kuu la Anglikana likajengwa papo hapo. Forodha tunayoiona leo ni ya mwishoni mwa karne ile. Humo ndimo Hamoud bin Mohammed alipotangazwa sultani mwaka 1896, manowari za Waingereza zilipokwisha kulipiga kasri mizinga. Hilo haliwasafishi watoza ushuru waliotangulia, maana kabla ya 1873 hazina ya sultani ilikula ushuru wa kila mtumwa aliyeshushwa. Uchungu huo ni wa haki. Uelekezwe mahali pake.

Wengine hudai muziki uliletwa humo na wafadhili. Chuo, kinachojulikana kama DCMA, kilianzishwa 2001, na fedha za nje zilisaidia kweli. Lakini kikundi cha Ikhwani Safaa kilikuwa kikipiga taarabu Unguja tangu 1905, na Siti binti Saad, muuza vyungu wa Fumba, alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri. Mfadhili alikuta ngoma inalia.

Linaloniuma zaidi ni hili: eti nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe, za Waarabu na Wahindi, watu wa mikoko wanahusikaje? Ingia nyumba ya zamani pale, tazama juu. Dari imebebwa na boriti za mkoko zilizolazwa sambamba, na juu yake mawe na chokaa. Chumba ni kirefu lakini chembamba, upana wake kama mita tatu, kwa sababu boriti haivuki zaidi ya hapo. Mkoko ndio uliompimia fundi chumba. Na delta hii ya Rufiji ndiyo iliyokuwa ghala kubwa la miti hiyo: wakataji waliingia topeni maji yamekupwa, wakakata, wakatenga boriti, mazio, pau na fito, wakahesabu kwa korja, ishirini ishirini, kisha wakangoja maji yajae mitumbwi itoke. Majahazi yaliyokuja na kaskazi yalipakia na kurudi na kusi. Mwaka 1939 baharia Mwaustralia, Alan Villiers, alikuwemo kwenye jahazi la nahodha Ali al-Najdi wa Kuwait lililopakia boriti humu humu deltani. Jasho la babu zetu limelala juu ya vichwa vya watu kutoka Unguja hadi Ghuba.

Liko pia dai la kwamba jengo la kale lifungwe, libaki lilivyo. Jumba la Beit al-Ajaib, huko huko Mji Mkongwe, lilikuwa limefungiwa matengenezo. Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka na kuua watu wawili. Mwalimu anayefundisha kila siku chini ya dari ndiye anayeliona tone la mvua kabla halijafika kwenye boriti. Na boriti ikishaoza, nyingine haipatikani kirahisi: siku hizi mkoko haukatwi bila kibali.